Saratani changa ya ngozi usoni na shingoni: kukata, kugandisha, kupaka dawa au mionzi?

Majibu ya maabara yametoka. Karatasi inasema ni saratani ya ngozi, daktari anasema umeiwahi, kisha anataja njia mbili tatu za tiba na kukuuliza unaonaje. Wengi hukwama hapo. Kidonda chenyewe ni kidogo, hakiumi, pengine ulishakizoea. Lakini kiko ubavuni mwa pua, na kovu lake halitajificha chini ya shati.

Makala haya yanaziweka njia hizo bega kwa bega. Hayachukui nafasi ya daktari aliyekukagua uso kwa macho na mikono yake, ila yatakusaidia kujua umuulize nini.

Saratani ipi, na "mapema" ni lini

Zipo tatu zinazohusika hapa. Ya kwanza ni basali. Hukua polepole, mara nyingi kama kinundu king'aacho ambacho baadaye huchimbika katikati na kuota gaga lisilopona. Kwa ngozi nyeusi huweza kuwa na weusi, hivyo hudhaniwa ni doa tu. Ni nadra mno kusambaa mwilini, lakini ikiachwa hula kilicho chini yake: gegedu la pua, kope, hata mfupa. Ya pili ni skwamasi, ngumu, yenye magamba, inayotoka damu ukiigusa, na hii inaweza kuhamia kwenye tezi za shingo. Ya tatu ni melanoma, inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi; ina kanuni zake, nitaigusia kwa ufupi.

Kwetu Afrika Mashariki wanaobeba mzigo mkubwa wa saratani hii usoni na shingoni ni watu wenye ualbino, na kwao skwamasi ndiyo inayoongoza. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi, kiwango cha juu sana ukilinganisha na nchi nyingi. Mwenye ngozi nyeusi naye hajasalimika: skwamasi humwotea kwenye kovu la zamani la moto, kwenye kidonda kisichopona miaka nenda rudi, au kwenye makovu ya ugonjwa wa lupasi usoni.

"Mapema" kwa kawaida humaanisha kidonda kisichozidi sentimita 2, kisichozama sana, na tezi za shingo hazijavimba. Hili la tezi lisipite hivihivi. Daktari anatakiwa apapase kuanzia mbele ya sikio, ashuke chini ya taya, apite ubavuni mwa shingo hadi kwenye mtulinga. Kama hakufanya hivyo, mwombe afanye kabla hamjazungumza tiba.

Vigezo vya kupimia

Kila njia nitaiuliza mambo haya haya: uwezekano wa saratani kurudi, sura na kazi ya kiungo baadaye (kope ifumbe, mdomo usivuje), usumbufu, yaani uchungu, safari na upatikanaji, na inamfaa nani.

Kuna kigezo kingine ninachokipa uzito kuliko vyote, nacho husahaulika: je, baada ya tiba kuna nyama inayokwenda maabara? Njia za kutibu saratani ya ngozi zimegawanyika makundi mawili. Zipo zinazotoa kipande ambacho mtaalamu atakikagua kwa hadubini na kusema kama kingo ni safi au mizizi imebaki. Na zipo zinazoua saratani palepale ilipo, ambapo hakuna wa kukuhakikishia chochote, mnasubiri tu kuona kama itarudi. Kwenye mgongo kusubiri kuna unafuu. Usoni, saratani inayorudi hurudi chini ya kovu, ikijificha, na upasuaji wa pili huwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

1. Upasuaji wa kawaida

*Unavyofanyika.* Daktari huchora kwa kalamu mzunguko wa kidonda kabla ya kuchoma sindano ya ganzi, kwa sababu ganzi huvimbisha ngozi na kuufuta mpaka. Kisha hupima nje ya mstari huo na kuchora mstari wa pili. Kwa basali ndogo isiyo na makeke, nafasi ya milimita 4 ya ngozi nzima pembeni hutosha kuiondoa yote kwa wagonjwa kama 95 katika 100. Kwa skwamasi ya hatari ndogo ni milimita 4 hadi 6, na zaidi ikiwa ya hatari. Kipande kikishatoka hufungwa uzi upande mmoja ili maabara ijue upi ni juu na upi ni chini, kisha hutumbukizwa kwenye chupa ya fomalini. Huo uzi ni kitu kidogo, lakini usipokuwepo, ripoti ikisema "ukingo mmoja una saratani" hakuna ajuaye ni ukingo upi wa uso wako.

*Kurudi.* Ni nadra, hasa kingo zikiwa safi. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1997 uliwagawa wagonjwa 347 wenye basali ya usoni isiyofika sentimita 4: wengine wakafanyiwa upasuaji, wengine mionzi. Baada ya miaka minne, upasuaji ulikuwa umeshindwa kwa asilimia 0.7 tu, mionzi kwa asilimia 7.5.

*Sura na kazi.* Hapa watu hushtuka. Ili ngozi ifunge bila kutunisha ncha, daktari hukata umbo la jicho la samaki, urefu wake mara tatu ya upana. Fanya hesabu: kidonda cha sentimita 1, ongeza milimita 4 kila upande, upana unakuwa sentimita 1.8, na mshono unapita sentimita 5. Habari njema ni kwamba mshono huo hulazwa kwenye mkondo wa mikunjo ya uso, na baada ya miezi kadhaa hufifia vizuri. Pasipo na ngozi ya kutosha, kama kwenye pua, daktari huazima kipande kutoka nyuma ya sikio au huzungusha ngozi ya jirani. Mdomo wa chini una bahati yake: kipande cha umbo la V kinaweza kukatwa hadi theluthi ya mdomo, kikashonwa moja kwa moja, na mdomo ukaendelea kufanya kazi.

Shingo ina ngozi iliyolegea, kwa hiyo kushona ni rahisi, ila kuna mambo mawili. Wenye asili ya kuota makovu manene huyaota sana shingoni, tayani na kwenye ndewe za masikio; kama una historia hiyo, iseme mapema. Na ubavuni mwa shingo, nyuma ya msuli mkubwa unaoshuka kutoka nyuma ya sikio, mshipa wa fahamu unaoinua bega hupita karibu sana na ngozi. Ukikatwa, bega linashuka na mkono hauinuki vizuri. Kidonda cha eneo hilo kinataka mkono uliozoea.

*Usumbufu.* Ganzi ya sehemu hutosha kwa wengi, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, usiziache kwa uamuzi wako. Mwambie daktari, aamue yeye.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mwenye skwamasi changa, wengi wenye basali, na kila mwenye melanoma. Pia ndiyo njia inayopatikana kwenye hospitali nyingi zaidi.

2. Upasuaji wa Mohs

*Unavyofanyika.* Umepewa jina la Frederic Mohs, daktari wa upasuaji wa Wisconsin, Marekani, aliyeuanzisha miaka ya 1930. Daktari hukata tabaka jembamba, mgonjwa akafunikwa kidonda na kukaa pembeni, huku tabaka likigandishwa na kusomwa hapo hapo kwa hadubini. Penye mabaki ya saratani, hurudi kukata pale pale tu, na kurudia hadi kusiwe na kitu. Tofauti yake kubwa iko kwenye ukaguzi. Maabara ya kawaida hukagua kipande kama mtu anayekata mkate slaisi chache na kuangalia hizo, na kinachojificha kati ya slaisi kinaweza kupita. Mohs huangalia ukingo wote, chini na pembeni.

*Kurudi.* Ndiyo njia yenye rekodi bora. Utafiti wa Uholanzi uliofuatilia basali za usoni zenye hatari kubwa kwa miaka 10 ulikuta zilizotibiwa mara ya kwanza zilirudi kwa asilimia 4.4 baada ya Mohs na asilimia 12.2 baada ya upasuaji wa kawaida. Kwa zile zilizokuwa zimesharudi ilikuwa asilimia 3.9 dhidi ya 13.5. Haki itendeke hapa: kwa zile za mara ya kwanza, tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa uwezekano kwamba ilitokea kwa bahati. Kwa zilizorudi, ilikuwa wazi.

*Sura na kazi.* Hukata kidogo kadiri inavyowezekana. Kwenye kope, ncha ya pua na ukingo wa mdomo, milimita mbili zilizookolewa ni jambo kubwa.

*Usumbufu.* Huweza kuchukua siku nzima, na hutaka daktari aliyesomea hasa, pamoja na maabara mlango wa pili. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini ni huduma ya kawaida. Huku kwetu ni adimu, na hata huko ughaibuni bei yake inaumiza asiye na bima.

Lakini upo mtindo wa katikati ambao hautajwi vya kutosha: daktari anakata, anafunika kidonda kwa bandeji bila kukishona, anasubiri ripoti ya maabara, na kushona siku kingo zikithibitishwa kuwa safi. Ni siku kadhaa za kero, lakini hauhitaji mashine mpya yoyote. Kama kidonda kiko mahali pa hatari na kitahitaji kuzungushiwa ngozi, uliza kama hilo linawezekana. Kuzungusha ngozi juu ya saratani iliyobaki ni kuizika.

*Inamfaa nani.* Mwenye saratani iliyorudi, au iliyo kwenye kope, pua, midomo, masikio au pembeni mwa paji la uso, au ambayo mpaka wake hauonekani.

3. Kukwangua na kuchoma, au kugandisha

*Zinavyofanyika.* Nimeziunganisha kwa sababu tabia zao zinafanana. Katika ya kwanza, baada ya ganzi daktari hukwangua saratani kwa kijiko chenye makali, ambacho huitambua kwa ulaini wake, kisha huchoma kitako kwa umeme na kurudia mara mbili tatu. Katika ya pili hupuliza naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hadi ngozi igande, iyeyuke, igandishwe tena.

*Kurudi.* Kwa basali ndogo isiyozama, iliyo mahali pasipo na hatari, matokeo ni mazuri mkono ukiwa mzoefu. Kwa pua, kope na midomo, hapana. Mahali penye ndevu nyingi pia hapana, maana saratani hufuata vinyweleo kwenda chini ambako kijiko hakifiki.

*Nyama ya kupima.* Kugandisha hakuachi kitu. Kukwangua huacha vipande vinavyoweza kuthibitisha ni saratani gani, lakini kingo huzijui.

*Sura na kazi.* Doa jeupe la mviringo. Kwa mwenye ngozi nyeusi doa hilo huonekana kuliko mshono, na huenda lisirudi rangi kamwe. Kwa mwenye ualbino halina tofauti kubwa.

*Usumbufu.* Dakika chache, bei nafuu, hakuna nyuzi za kutoa. Kidonda hulowa na kuota gaga kwa wiki kadhaa.

*Inamfaa nani.* Kugandisha ndiyo tiba ya kila siku ya magamba ya jua, yale madoa makavu yanayokwaruza yanayotangulia skwamasi. Huko hakuna wa kuishinda kwa urahisi. Kwa skwamasi iliyokwisha kuzama ndani ya ngozi, usikubali kugandishwa kwa sababu tu mtungi wa gesi upo na chumba cha upasuaji kina foleni.

4. Dawa za kupaka

"Daktari, hakuna dawa ya kupaka tu?" Ni swali halali, na wakati mwingine jibu ni ndiyo.

*Zinavyofanya kazi.* Zipo mbili zinazotumika zaidi. Imikwimodi huamsha kinga ya mwili iishambulie saratani. Kwa basali ya juu juu hupakwa siku 5 kwa wiki kwa wiki 6. Fluorourasili huua seli zinazozaliana haraka, na hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Ya tatu, tiba ya mwanga, ni krimu inayopakwa, kufunikwa kwa saa kadhaa, kisha kumulikwa taa nyekundu. Huuma wakati wa kumulikwa.

*Kurudi.* Utafiti mwingine wa Uholanzi ulizipambanisha zote tatu kwa basali ya juu juu. Baada ya miaka 5, imikwimodi iliwaacha asilimia 80.5 bila saratani, fluorourasili 70, tiba ya mwanga 62.7. Uingereza walipoilinganisha imikwimodi na upasuaji, baada ya miaka 5 ilikuwa asilimia 82.5 dhidi ya 97.7. Tafiti hizo zilichagua sehemu zenye hatari ndogo. Pua na kope hazikuwamo. Kwa hiyo usizibebe takwimu hizo moja kwa moja hadi usoni.

*Nyama ya kupima.* Hakuna.

*Sura na kazi.* Mwisho wake huwa mzuri, mara nyingi bila kovu la maana. Katikati ndipo pagumu: ngozi huwa nyekundu, huchubuka na kutoa maji, na watu hudhani dawa imewadhuru, wakaacha wiki ya tatu. Dawa iliyoachwa nusu ni hatari, kwani huponya juu na kuacha chini.

*Inamfaa nani.* Mwenye magamba ya jua yaliyotapakaa uso mzima, au mwenye basali ya juu juu shingoni ambaye atarudi kliniki bila kukosa. Kwa skwamasi iliyozama na kwa melanoma, hazifai. Na kwa vyovyote zisichanganywe na marashi makali ya mitishamba yanayouzwa kama "ya kung'oa kansa". Hayo huchoma ngozi ya juu, kovu likafunga, na saratani ikaendelea chini kwa siri.

5. Mionzi

*Inavyofanyika.* Mgonjwa hulala, mashine hulengwa, dakika chache yamekwisha. Hakuna kisu wala maumivu ya wakati huo. Lakini hurudiwa, kwa ratiba nyingi siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa, na kukatiza ratiba hupunguza nguvu yake.

*Kurudi.* Takwimu za Ufaransa nimezitaja: ni nzuri, ila ziko nyuma ya upasuaji. Nyama ya kupima hakuna.

*Sura na kazi.* Mwanzoni huvutia kwa sababu pua inabaki nzima. Ngozi huwa nyekundu, huchubuka, hupona. Kadiri miaka inavyosonga, hata hivyo, huwa nyembamba, yenye mabaka na vimishipa, na ndevu za pale hazioti tena. Kovu la kisu hupendeza kadiri muda unavyokwenda, la mionzi huharibika. Katika utafiti ule ule wa Ufaransa, matokeo ya sura yalihesabiwa kuwa mazuri kwa asilimia 87 ya waliokatwa na asilimia 69 ya waliopigwa mionzi.

*Usumbufu.* Kwa Tanzania utazungumzia hospitali chache, kama Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Kwa Uganda mara nyingi ni Kampala. Anayetoka Kigoma au Karamoja ahesabu nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza, hata kama tiba yenyewe haina malipo makubwa.

*Inamfaa nani.* Mzee ambaye hawezi au hataki kukatwa, au mwenye kidonda ambacho kukikata kungeondoa kope nzima au pua. Hutumika pia baada ya upasuaji, kama maabara imekuta saratani ikitambaa kwenye mishipa ya fahamu. Kwa kijana madaktari husita, kwa sababu mionzi yenyewe huweza kuzaa saratani nyingine baada ya miaka mingi, na sehemu iliyokwisha kupigwa haipigwi tena kirahisi. Hili linawahusu sana wenye ualbino, ambao huugua wakiwa na umri mdogo. Mwenye zerodema, ugonjwa wa kurithi ambao ngozi haiwezi kurekebisha madhara ya jua, kwa kawaida hapewi mionzi.

Kwa hali yako

*Melanoma.* Hakuna cha kuchagua sana: ni kukata. Upana hutegemea unene uliopimwa maabara. Isiyozidi milimita 1 huondolewa na sentimita 1 ya ngozi pembeni. Kabla ya yote hakikisha unene huo umeandikwa kwenye ripoti.

*Skwamasi ndogo shavuni, kwenye paji la uso au shingoni.* Upasuaji wa kawaida na kipande kwenda maabara. Ikiwa ni mdomo au sikio, au una VVU, au unatumia dawa za kupunguza kinga baada ya kupandikizwa figo, ihesabu kuwa ya hatari hata ikiwa ndogo, na fuatilia tezi za shingo kwa karibu.

*Basali kwenye pua au kope.* Mohs kama unaifikia; kama huifikii, ukataji wa hatua na kushona baada ya majibu.

*Basali ya juu juu shingoni, na unaogopa kovu nene.* Imikwimodi ina hoja, mradi unajua kwamba mtu mmoja kati ya watano hivi atahitaji tiba nyingine.

*Bibi wa miaka 85 mwenye moyo dhaifu.* Ganzi ya sehemu si ganzi ya kulala; wengi wanaodhaniwa hawawezi kukatwa, wanaweza. Ikishindikana kweli, mionzi. Na kwa basali inayokua polepole mno, ni haki kuuliza kama kuiangalia tu kutamsumbua bibi kuliko tiba.

*Mwenye ualbino mwenye vidonda vingi kwa pamoja.* Usichague tiba moja ya vyote. Magamba ya jua yagandishwe, vinundu vigumu vikatwe, ikiwezekana siku moja. Kliniki za ngozi zilizozoea kazi hii zipo, kama ile ya kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 pale hospitali ya KCMC, Moshi, ambako pia hutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Omba tarehe ya kurudi kabla hujatoka mlangoni.

*Uliyekwisha kukatwa, na ripoti inasema kingo si safi.* Usikubali "tutaangalia" kwa skwamasi. Kwanza ulizia kukatwa tena. Mionzi ije pale ambapo kisu hakiwezi kurudi. Nenda na ripoti mkononi, na kama una simu yenye kamera, nenda pia na picha ya kidonda kilivyokuwa kabla ya kukatwa, maana daktari wa pili ataona kovu tu.